Tusikatae Jambo kwa Kutojua Sababu Yake

Ipo tabia moja ambayo yafaa tuikemee bila kuoneana haya. Mtu akituletea habari yenye ushahidi, tunamwuliza, "Imekuwaje?" Akishindwa kueleza, tunamjibu, "Basi haikuwa." Tunaondoka tukijiona tumemshinda kwa hoja, kumbe maswali yale ni mawili, na kutolijua jibu la moja hakulifuti la pili. Wala kosa hili si la wajinga peke yao. Mabingwa wa jiolojia walilifanya kwa takriban miaka 50.

Tarehe 6 Januari 1912, mjini Frankfurt, Ujerumani, Alfred Wegener alisimama mbele ya wanajiolojia akawaambia kwamba mabara yote yalikuwa nchi moja, kisha yakapasuka na kuachana. Alikuwa na umri wa miaka 31. Shahada yake ilikuwa ya elimu ya nyota, na kazi yake utafiti wa hali ya hewa. Mwaka 1915 aliyaeleza mawazo hayo katika kitabu.

Hakuja mikono mitupu. Alionyesha jinsi pwani ya Brazil inavyoingiana na Ghuba ya Guinea. Alitaja Mesosaurus, mtambaazi mdogo asiyeweza kuvuka bahari kuu, ambaye visukuku vyake vimeonekana Amerika Kusini na kusini mwa Afrika tu. Alitaja mmea wa kale uitwao Glossopteris, uliotapakaa Amerika Kusini, Afrika, India na Australia. Hata miamba ya makaa ya mawe ya kusini mwa Tanzania inayo majani yake. Alitaja pia alama za barafu ya kale katika nchi za joto kama India, na makaa ya mawe katika visiwa vya Spitsbergen vilivyo karibu na ncha ya kaskazini. Mwenyewe alisema ni kama gazeti lililochanwa: ukiunganisha vipande na mistari ya maandishi ikafuatana, utakataaje kwamba lilikuwa karatasi moja?

Walikataa. Waliuliza ni nguvu gani inayosukuma bara zima. Wegener alitaja mzunguko wa dunia na mvuto wa jua na mwezi. Harold Jeffreys wa Cambridge akapiga hesabu, akaonyesha kwamba nguvu hizo ni dhaifu mno. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kosa lilikuja baadaye, pale wengi walipotoka kwenye "nguvu hizi hazitoshi" wakarukia "mabara hayakusogea".

Tazameni na upande wao. Ili waeleze visukuku vile, walidai kwamba zamani palikuwa na madaraja ya nchi kavu kati ya mabara, yakazama. Lakini miamba ya mabara ni myepesi kuliko ile ya sakafu ya bahari, ingezamaje? Walimdai Wegener sababu ambayo wao wenyewe hawakuwa nayo. Mwenye wazo jipya alitozwa ushuru ambao wazo la zamani lilisamehewa.

Wachache walichagua kwenda kuona. Alexander du Toit wa Afrika Kusini alisafiri Amerika Kusini mwaka 1923, akaikagua miamba ya huko, akaikuta ikifanana na ya kwao. Naye Mwingereza Arthur Holmes alipendekeza kwamba joto la ndani ya dunia huifanya miamba ya chini kutambaa polepole na kuyabeba mabara. Hawakusikilizwa sana. Wegener mwenyewe alifariki Novemba 1930 katika barafu ya Greenland, akirejea kutoka kituo cha utafiti.

Jibu lilitoka chini ya bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Marie Tharp wa Marekani alikuwa akichora ramani ya sakafu ya Atlantiki kutokana na vipimo vya kina, akaona ufa umepita katikati ya safu ya milima ya chini ya maji. Mwenzake Bruce Heezen alipuuza, akasema ni maneno ya kisichana. Lakini vitovu vya matetemeko vilipowekwa kwenye ramani, vilifuata ufa uleule. Na umbo lake lilifanana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki.

Mwaka 1962 Harry Hess alieleza kwamba sakafu mpya huzaliwa kwenye nyufa hizo na kusogea pande zote mbili. Mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews, wakitumia vipimo kutoka Bahari yetu ya Hindi, walisema kwamba ikiwa ndivyo, usumaku wa miamba utakuwa na mistari inayolingana kulia na kushoto. Lawrence Morley wa Kanada aliwaza vilevile, majarida mawili yakamkatalia. Mwaka 1966 vipimo vya meli Eltanin katika Pasifiki ya kusini vilionyesha ulinganifu huo waziwazi. Miaka michache baadaye mabara yanayosogea yalikuwa somo la darasani, na leo setilaiti hupima mwendo wa mabara hayo: sentimita chache kwa mwaka.

Atasema mtu, "Basi hata tapeli wa dawa atajitetea kwamba Wegener naye alikataliwa." La hasha! Wegener alisadikiwa si kwa sababu alikataliwa. Wangapi wamekataliwa na walistahili? Hata yeye alikosea: alikadiria kwamba Greenland husogea mita nyingi kila mwaka, na kipimo kikamkanusha. Kilichosimama ni ule ushahidi ambao yeyote aliweza kuukagua. Tapeli hukuficha dawa yake isipimwe. Hapo ndipo pa kumtambua.

Basi tujirekebishe. Mkulima akisema mbegu ileile imeota kwa jirani ikakataa kwake, bwana shamba asimdai sababu kwanza. Muuguzi wa zahanati akisema homa imezidi katika kijiji kimoja, mkubwa wake asimnyamazishe kwa kuwa hajui chanzo. Mwanafunzi akileta jibu lisilolingana na la kitabuni, mwalimu aikague hesabu kabla ya kumkaripia. Twende tukaone, tupime, tuandike tulichokikuta. Kutafuta sababu ni kazi yetu sote. Tusimtwishe peke yake yule aliyekuwa wa kwanza kuona.