Bonde la Ruzizi: maji yapimwe mwezi wa tisa, si mwezi wa nne

Kila mradi wa mfereji unaotangazwa katika bonde la Ruzizi, kutoka Kamanyola mpaka Uvira, unakuja na hesabu ya hekta. Hekta mia mbili hapa, hekta elfu pale, picha ya simenti mpya, hotuba, basi. Lisiloulizwa kwa sauti ni hili: hekta hizo zilihesabiwa kwa maji ya mwezi gani, na nani alichimba udongo kuona kilicho chini?

Swali hilo si la wataalamu peke yao. Mkulima wa Sange au Luberizi anayekodi shamba na kuchukua mbegu ya mpunga kwa deni, kwa sababu ameambiwa maji yatafika, ndiye anayelipa kosa la hesabu. Zaidi sana yule mwenye shamba mkiani mwa mfereji. Wa juu wanafungua maji usiku, wa chini wanaamka na kukuta udongo umepasuka. Hapo unaanza ugomvi, jirani na jirani, mkulima na mchungaji, na wapo wanaokimbilia kuuita ugomvi wa kabila wakati ulianzia kwenye lita za maji.

Hesabu yenyewe si ngumu. Lita moja kwa sekunde, ikitiririka mchana na usiku juu ya hekta moja, inatoa milimita 8 na kidogo kwa siku. Mmea na jua vinachukua kama milimita 5, zinazobaki zinazama ardhini. Kwa mpunga katika udongo mzito wa mfinyanzi, inatosha. Lakini mfereji wa udongo unaweza kupoteza nusu ya maji njiani. Kwa hiyo mto wenye lita 200 kwa sekunde unalisha hekta 100 za mpunga, si 200. Na hata hapo mto wote umeingia mferejini, chini hakuna cha kunywesha mtu wala ng'ombe.

Mito ya Kiliba, Runingo, Sange na Luberizi inashuka kutoka milimani ikiwa imefura mwezi wa nne. Mwezi wa tisa, mwisho wa kiangazi, ni mito mingine kabisa. Anayepima mara moja tu, mwezi wa nne, ni kama mtu anayehesabu mfuko wake siku ya mshahara.

Udongo nao haufanani. Karibu na milima ni mchanga na mawe yaliyoletwa na mito. Huko shamba la mpunga linaweza kunywa maradufu, na afadhali mahindi au karanga. Kuelekea Ruzizi unakutana na udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kushika maji wakati wa mvua. Shimo la mita moja na nusu linaonyesha mengi: jaza maji, ngoja, angalia yanashuka kiasi gani kwa siku. Vijana wa kijiji wanaweza kulichimba asubuhi moja.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni chumvi. Watu wanaona mto Ruzizi una maji mwaka mzima na kuuliza kwa nini pampu zisiwekwe pale, badala ya kugombania vijito. Ni wazo zuri mpaka mtu akumbuke maji hayo yanatoka wapi. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu, na maji ya ziwa hilo yana chumvi inayokaribia gramu moja kwa lita. Tuseme mito ya milimani imeyachanganya hadi ibaki nusu gramu. Msimu mmoja wa mpunga unaochukua mita za ujazo 6000 kwa hekta utaacha hapo tani 3 za chumvi. Jua linapandisha maji, chumvi inabaki. Sehemu yake ni sodiamu, ile inayofunga mfinyanzi mpaka maji hayapiti tena. Weupe unaoonekana juu ya ardhi baada ya maji kukauka ni dalili ambayo kila mkulima wa bonde anaweza kuitambua.

Dawa yake ni mfereji wa pili, wa kutoa maji, na huo hauna picha nzuri kwa wafadhili. Unahitaji pia mteremko. Sehemu za chini, ambako Ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia mpaka ndani ya nyumba za watu miaka hii ya karibuni, hazina pa kumwagia.

Watasema usalama hauruhusu, na kwamba wenye njaa hawawezi kungoja vipimo. La kwanza ni kweli kwa wapimaji wa kutoka mbali. Lakini ubao wenye namba uliosimamishwa mtoni, ukisomwa kila asubuhi na kijana wa hapo hapo anayelipwa kidogo, hauhitaji msafara wa magari. Kipimo cha chumvi kinaingia mfukoni. INERA ina kituo Mulungu, na Bukavu ina vyuo vikuu vyenye wanafunzi wa kilimo wanaotafuta kazi ya kumalizia masomo. Kuhusu njaa, shamba lililoharibika kwa chumvi halirudi kwa msimu mmoja.

Kabla ya simenti kumwagwa, namba hizo zisomwe kijijini, kwa lugha ya kijiji, mbele ya wenye mashamba ya mkiani: lita ngapi mwezi wa tisa, hekta ngapi, na zipi zimeachwa nje.