Aya Ishirini Si Kitabu

Ndugu yangu Muislamu wa Chemchem, Tabora, na popote ulipo! Umehifadhi aya ishirini za Biblia za kumshindia Mkristo. Kumbukumbu la Torati 18:18 unaijua, Yohana 14:16 unaijua. Je, umepata kukisoma kitabu chenyewe chote, tangu Mwanzo mpaka Ufunuo?

Livingstone, aliyekaa hapa jirani Kwihara mwaka 1872, aliandika kwamba alipokuwa Manyema aliisoma Biblia yote mara nne. Huko aliishi kati ya wafanyabiashara Waislamu, na walimsaidia alipougua. Lakini imani yake haikutikisika. Asomaye chote hujua anachokiamini. Asomaye vipande hujua kubishana tu.

Mkristo akichomoa aya moja ya Surat Tawba, akaacha ya kabla na ya baada yake, sisi hupiga kelele: "Amekata maneno!" Basi ikiwa ni dhulma akifanya yeye, ni dhulma vile vile ukifanya wewe. Katika Surat Ankabut, aya ya 46, tumeamrishwa tujadiliane na Watu wa Kitabu kwa njia iliyo bora. Hiyo ndiyo njia bora?

Utasema: "Nikiisoma yote nitapotea." Imani gani hiyo iogopayo karatasi? Imarisha msingi kwanza. Tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ipo tangu 1969. Ikhitimishe kwa maana, si kwa sauti tu. Kisha soma cha jirani yako, chote. Ukishindwa, basi nyamaza. Kunyamaza ni bora kuliko kusema usilolijua.

Wabillahi tawfiq.