Riwaya za makauboi zina mafunzo, tuchague zilizo nzuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu kuhusu riwaya za makauboi, yaani hadithi za wachunga ng'ombe wa Marekani ya Magharibi katika karne ya 19.

Wapo wanaozidharau riwaya hizi kwa kusema kuwa ni kasumba tupu, farasi na bunduki basi. Sikatai kwamba nyingi ziko hivyo, tena humwonyesha mwenyeji wa asili wa nchi ile kama mnyama wa kuwindwa. Lakini kuzitupa zote kwa sababu hiyo si haki, maana zipo zinazozungumzia mambo ambayo sisi wenyewe tunayashuhudia hapa nchini.

Ya kwanza ninayoipendekeza ni "The Ox-Bow Incident" ya Walter Van Tilburg Clark, iliyotolewa mwaka 1940. Habari inaenea mjini kuwa mchunga ng'ombe ameuawa na mifugo imeibwa. Sherifu, ambaye ndiye mlinzi wa sheria, hayupo. Watu wanapandwa na hasira, wanapanda farasi na kuwakamata wageni watatu wakiwa na ng'ombe. Mmoja wao anaeleza kuwa ng'ombe hao kawanunua, ila hana stakabadhi. Wachache wanaomba washitakiwa wapelekwe mahakamani, lakini hawasikilizwi. Alfajiri wote watatu wananyongwa. Wauaji wakiwa njiani kurudi wanakutana na sherifu, na yule aliyesemwa kuwa ameuawa yu hai!

Je, ndugu wasomaji, jambo hili ni geni kwetu? Ni mara ngapi mtu ameitiwa "mwizi" sokoni au stendi, akapigwa mawe na kuchomwa moto kabla hata hajaulizwa jina lake? Kitabu hiki kinaonyesha kuwa kundi la watu wa kawaida, wenye wake na watoto, linaweza kufanya unyama kwa sababu kila mmoja anaogopa kuonekana mwoga mbele ya mwenzake.

Cha pili ni "Shane" cha Jack Schaefer, cha mwaka 1949. Ni kifupi na Kiingereza chake si kigumu, hivyo kinawafaa wanafunzi wa sekondari. Kinahusu tajiri wa mifugo anayetaka kuwafukuza wakulima wadogo katika bonde moja huko Wyoming. Ndugu zetu wa Kilosa na Kiteto, ambako wakulima na wafugaji wamewahi kumwaga damu kwa ajili ya ardhi, wataelewa upesi.

Wanaopenda kitabu kinene wasome "Lonesome Dove" cha Larry McMurtry, cha mwaka 1985, juu ya safari ya kuswaga ng'ombe kutoka Texas hadi Montana. Na ili tusisikie upande mmoja tu, tusome "Fools Crow" cha mwaka 1986. Mwandishi wake, James Welch, alikuwa wa ukoo wa Blackfeet, na anasimulia jinsi watu wake walivyouawa na jeshi la Marekani Januari 1870.

Katika vitabu vya karibuni, ninakisifu "News of the World" cha Paulette Jiles, cha mwaka 2016. Humo mzee mmoja anazunguka miji ya Texas akiwasomea watu magazeti kwa senti kumi kila mmoja, kisha anapewa kazi ya hatari ya kumrudisha binti mdogo kwa jamaa zake.

Ninaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba iviweke vitabu hivi katika maktaba za mikoa. Aidha, ninawaomba wataalamu wetu wa lugha wakitafsiri "The Ox-Bow Incident" kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere alipotafsiri "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969 alionyesha kuwa lugha yetu inaweza kubeba kazi za wengine. Kitabu cha kuwafanya watu wasite kabla ya kuokota jiwe kinahitajika zaidi mitaani kuliko vyuoni, na mitaani watu husoma Kiswahili.

Haraka haraka haina baraka, na kwa aliyeuawa bila kosa haina marekebisho.

Mpenda Vitabu,
Dodoma.