BAHARI IMEUZWA LINI?

Ndugu msomaji, Jumapili chukua wanao muende rasi ya Msasani kuogelea. Mtafika majini? Masaki ni ukuta, geti, mlinzi. Huna kiingilio? Kabanane na wenzako Coco Beach kama dagaa, au rudi Manzese!

Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni na kingo za mito. Desemba 2015 tingatinga lilishuka bonde la Msimbazi kuvunja nyumba za walalahoi kwa meta hizo hizo 60. Je, kuta za vigogo Masaki lilizionea haya?

Tunadai njia ya wazi hadi baharini. Anayekuja kuomba kura, mwulize: iko wapi?