POSHO TUPU SI CHAKULA

Ndugu wafanyikazi,

Wako waajiri wanaodhani kwamba mtu akishiba ugali, basi amelishwa. Akidhoofika huitwa mvivu. Akianza kuweweseka husemwa amerogwa. Twakataa maneno hayo. Tumbo laweza kujaa na mwili ukafa njaa.

Ugonjwa huo una jina: pelagra. Huletwa na ukosefu wa vitamini iitwayo niasini. Mahindi yanayo, lakini imefungwa ndani ya punje na mwili hauwezi kuitwaa.

Jueni dalili zake. Ngozi inayopigwa na jua, mikononi, miguuni, na shingoni kama mkufu, huwa nyeusi, hukakamaa na kubanduka, upande huu sawa na upande ule. Kisha huja kuhara, kisha akili kuvurugika. Asipotibiwa mtu hufa. Basi ni aibu gani mgonjwa kupewa mafuta ya kupaka leo na dawa ya kuhara kesho, wala asiulizwe: wewe wala nini? Swali hilo halina bei!

Tiba yenyewe si ya kitajiri. Mganga humpa vidonge vya nikotinamidi, miligramu 300 kwa siku, kwa mafungu, muda wa wiki 3 au 4, pamoja na vitamini B nyingine, maana anayekosa moja mara nyingi hukosa na nyingine. Anayemeza isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, asiiache, ila amwambie mganga, kwani yaweza kuzidisha upungufu huu. Lakini mgonjwa akirudi kwenye posho tupu, ugonjwa nao utarudi.

Asiyeamini na atazame Malawi mwaka 1990. Wakimbizi wa Msumbiji walikosa njugu katika posho yao, na zaidi ya watu 17,000 wakapatwa na pelagra. Hawakurogwa. Walinyimwa njugu.

Tutaambiwa kwamba tangu 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa paketi utiwe vitamini. Ni kweli. Lakini unga wa kinu cha kijijini mara nyingi hautiwi kitu, na ndio wengi wetu tunaokula.

Sasa sikilizeni vizuri. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 33, yamlazimu mwajiri kumlisha mfanyikazi ipasavyo, ikiwa chakula kimetajwa wazi katika mapatano. Kisipotajwa, kifungu hicho hakimfungi. Kwa hiyo msikubali mapatano yanayosema "posho" halafu yakanyamaza. Yaandikwe: maharagwe, njugu, mboga za majani, na nyama au samaki au maziwa. Kila kitu kwa kipimo chake.

Mwajiri hununua mafuta ya trekta bila kunung'unika. Mtu je?

Umoja ni nguvu.