Msamaha wa wazee usiishie dirisha la dawa

Mhariri,

Sera ya Afya ya 2007 inamsamehe malipo mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo. Huku Ngara na Biharamulo wapo wanaofika kwa daktari bure, kisha dirishani wanaambiwa dawa ya presha imekwisha, wakanunue dukani. Kwa pesa gani, maharage yakiwa bado shambani? Bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) iliyoboreshwa, iliyoanza kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, nayo hukwama hapo hapo: kadi haijazi rafu. Hata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 haitaijaza. Halmashauri zibandike katika kila zahanati orodha ya dawa zilizopo, na ofisa ustawi wa jamii, anayethibitisha wasio na uwezo, aonekane Rulenge na Nyakanazi, si makao makuu ya wilaya tu.

Msomaji wako,
Rulenge, Ngara