Nta haifiki kwenye chesisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaonunua nta ya magari ya umma yaendayo porini. Nta ya karnauba, itokayo Brazili, hung'aa sana, lakini matope na kuoshwa kila siku huimaliza kwa majuma machache. Dawa ya kiwandani ya kukinga rangi hudumu miezi, heri hiyo. Tena ipakwe gari likishaoshwa, maana kusugua juu ya vumbi ni kuipiga rangi msasa! Hata hivyo Land Rover ya zamani ina bodi ya aluminiamu na chesisi ya chuma, na kutu huanzia huko chini. Mbona tunaletewa makopo ya nta tu, na rangi ya kuzuia kutu hatuioni?

Dereva,
Babati.